Vifaa vya Kukutana na Binadamu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimefika Natta. Vumbi mpaka ndani ya masikio. Kutoka Nyangoto nimepanda magari mawili na bodaboda moja, laptopu nimeipakata kama mtoto mchanga. Mwenye bodaboda aliniuliza nimebeba nini. Nikamwambia nimebeba maendeleo ya Wilaya ya Serengeti. Akaniambia nishike vizuri, mbele kuna shimo.

Kazi ni hii. Chuo cha ufundi cha hapa kina kompyuta kumi, zawadi ya kambi moja ya watalii iliyojinunulia mpya. Ni kongwe kupita kiasi. Kuwaka tu ni dakika kumi na moja. Nimepima kwa saa ya mkononi. Wanachuo ni tisa, wanawake watupu, wanajifunza kazi za mapokezi na stoo. Jumamosi hii anakuja bosi wa ajira wa ile kambi kuwapima kwa kuandika barua kwenye kompyuta hizi hizi. Atakayefaulu anaanza kazi, maana ndio msimu wa wageni. Asiyefaulu, mpaka mwakani.

Mkuu wa chuo, Mama Bernadetha, alikuwa ameshaamua kumwita Ogada wa Sirari. Ogada! Mtu anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba! Mtu aliyeandika kwenye kibao chake "Fundi Namba Moja Tarime" wiki moja tu baada ya mimi kumwambia kwamba nafikiria kuandika hivyo! Niliposikia, nikampigia huyo mama palepale. Nikamwambia Ogada atawawekea mfumo endeshi wa kawaida, wa kila mtu. Mimi nitazijengea kompyuta zake kiini cha peke yake, kilichoshonwa kwa vipimo vyake kama suti. Akauliza kiini ni nini. Nikasema ndio moyo wa mfumo, ndicho kinachozungumza na diski, skrini na kila kilichochomekwa. Akauliza kama nimewahi kutengeneza moyo. Nikasema nimewahi.

(Mara moja. Haukupiga.)

Mafaili ya kiini ninayo, nilinakili kwa Ogada kabla hatujakosana. Mchana wote nimekaa nayo. Kuna menyu yenye maswali maelfu. Unataka kiini kiweze hiki? Ndiyo au hapana. Unataka kile? Ndiyo au hapana. Siri ya wepesi nimeigundua mapema: hapana. Redio za mawimbi ya mbali? Hapana. Mashine za kuchezea michezo? Hapana. Kuna chaguo moja linaitwa, kwa tafsiri yangu, "Vifaa vya Kukutana na Binadamu". Nikacheka peke yangu. Hapa tunaandika barua, kukutana na binadamu kila mtu ataenda mnadani. Hapana!

Kila chaguo lina maelezo yake, ukibonyeza alama ya kuuliza. Sijabonyeza. Fundi anayesoma maelezo anajitangaza kuwa hajui.

Jumanne, 15 Julai 2025

SEKUNDE KUMI NA TISA!

Naandika tena ili mkono uzoee. Sekunde kumi na tisa, kutoka dakika kumi na moja. Wanachuo walipiga vigelegele. Mama Bernadetha alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nilikuwa nimekuja na stika nilizochapisha Tarime, "INAENDESHWA NA NASHONI", rangi nyekundu na ya dhahabu. Nikabandika zote kumi kwa mkono wangu. Kile kiini cha zamani nilikuwa nimekifuta asubuhi kwenye kila kompyuta. Cha nini tena?

Halafu Mama Bernadetha akaketi, akaomba aandike jina lake.

Akabonyeza B. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akatikisa mausi. Mshale ulisimama palepale katikati ya skrini, kama ng'ombe aliyegoma kuvuka mto.

Nikamwambia kibodi imechoka. Tukahamia ya pili. Imechoka. Ya tatu, ya nne, mpaka ya kumi. Zote zimechoka. Nikaeleza kwa utulivu kwamba ni vumbi la kiangazi, linajulikana sana kitaalamu. Nikawaamuru wanachuo wazigeuze kibodi na kuzipuliza. Wakapuliza. Darasa zima likapiga chafya.

Mmoja, anaitwa Wegesa, hakupuliza. Ni mama wa mtoto mmoja, zamani alikuwa na mgahawa wa wachimbaji kule Matongo, sasa anaishi hapa kwa dada yake. Akaniuliza kwa upole, "Fundi, kibodi kumi zinaweza kufa siku moja? Saa moja? Na jana zilikuwa nzima?"

Nikamwambia katika sayansi inatokea.

Huyu Wegesa anauliza maswali mengi mno. Mama Bernadetha ameniambia faragha kwamba mwaka jana alifanya jaribio hilihili akaanguka. Kisa: kompyuta yake ilizimika katikati, ikawaka tena zikiwa zimebaki dakika nne. Aliandika mistari mitatu, wa nne hakuumaliza. Mama alisema hilo bila kunitazama, akitazama stika yangu.

Nimetamani asingeniambia.

Jumatano, 16 Julai 2025

Nimegundua tatizo. Si vumbi. Kiini changu hakijui kibodi za USB. Dawa ni ndogo: kurudi kwenye menyu, kutafuta "Kibodi na Mausi za USB", kusema ndiyo. Dakika moja.

Chaguo halipo.

Nimetafuta asubuhi nzima. Nimeingia kila chumba cha ile menyu. Jumatatu lilikuwepo, nililiona kwa macho yangu! Leo halipo, hata pengo halijaachwa. Jibu ni moja tu: Ogada. Mafaili yalitoka kwake. Ametega humo ndani kitu cha kuficha machaguo.

Nikampigia nimkabili. Alicheka muda mrefu, mpaka simu ikapata joto sikioni. Kisha akasema, "Wee Nashoni, hiyo kitu haijaenda mahali. Imejificha. Kuna mwenzake umezima, sasa na yeye hawezi kuonekana. Washa huyo mwenzake kwanza, omera, ndugu yangu."

Nikamuuliza mwenzake yupi. Akasema nisome maelezo. Nikakata simu. Ndivyo wezi wanavyokujibu, wanakutuma ukasome.

Kwa hiyo nikatumia akili. Majibu yote ya ile menyu yanaandikwa kwenye faili moja, mstari kwa mstari. Nikalifungua, nikaandika mstari wa kibodi kwa mkono wangu, mbele yake nikaweka ndiyo. Menyu isiponionesha mlango, napita dirishani! Nikaanza kujenga. Kwa saa tatu nzima laptopu inaunguruma. Mama Bernadetha amenipa feni ya ofisini kwake, mimi nimeielekeza kwa laptopu.

Kiini kikakamilika. Nikakiweka kwa flashi kwenye kompyuta ya kwanza. Kibodi: kimya.

Nikafungua lile faili. Mstari wangu haupo! Umefutwa kimyakimya, bila onyo, bila samahani. Nikauandika tena. Ukafutwa. Nikauandika mara tatu mfululizo, kwamba ukifutwa mmoja ibaki miwili. Yote mitatu ikafutwa.

Nilipotoka nje kupunga hewa nikawakuta wanachuo wamekaa kivulini pembeni ya darasa. Wegesa amekata maboksi ya sabuni, amechora juu yake kibodi, herufi zote mahali pake, kila mmoja na ubao wake wa boksi mapajani. Mmoja anasoma barua kwa sauti, wanane wanabonyeza boksi. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenilaumu. Wakanisalimia vizuri kabisa.

Nilirudi ndani. Nikalifungua lile faili tena.

Alhamisi, 17 Julai 2025

Siku ya mapambano.

Nimegundua adui yuko wapi. Kila chaguo lina faili linaloeleza habari zake, na chini ya jina la kibodi yangu kuna mstari umeandikwa "inategemea", halafu majina. Yaani kuna mtu ameketi mahali akaandika kwamba kibodi haiwezi kuonekana mpaka fulani na fulani wawe wamewashwa. Nani alimpa mamlaka? Chuo hiki ni cha Natta. Kompyuta ni za Natta.

Nikaufuta huo mstari.

Na tazama! Nikafungua menyu, "Kibodi na Mausi za USB" hii hapa, imesimama kama askari! Nikasema NDIYO. Niliruka. Mama Bernadetha alikuja mbio akidhani nimepigwa na umeme. Nikamwambia aketi atulie, shughuli imekwisha, suala lilikuwa la urasimu tu.

Dakika arobaini baadaye ujenzi ukaporomoka. Makosa yalishuka kwenye skrini kama mvua ya mawe. Nikasoma mawili matatu. Kibodi inaita kazi fulani, kazi hiyo haipo. Inaita nyingine, nayo haipo. Kumbe chaguo nimelifungulia mlango lakini wale wanaofanya kazi naye wako nje. Ukifuta maneno kwenye karatasi, uhitaji wenyewe uko palepale.

Hii sentensi ya mwisho si yangu. Ameisema Wegesa, aliyekuwa amesimama nyuma yangu sijui tangu saa ngapi.

Halafu akaanza habari za mgahawa. Alisema kule Matongo alikuwa na ubao wa vyakula mlangoni. Maziwa yasipoletwa asubuhi, anafuta "chai ya maziwa" ubaoni. "Wateja walikuwa wananigombeza, mbona umeificha chai. Sijaificha. Lete maziwa, nitaiandika sasa hivi."

Nikamwambia kiini cha mfumo endeshi na chai ni vitu viwili tofauti. Akasema anaelewa. Akaomba, kama siitumii laptopu wakati wa chakula, asome yale maelezo ya alama ya kuuliza. Kiingereza chake ni cha kidato cha nne lakini anayo kamusi. Nikamruhusu, kwa sababu maelezo hayo hayana faida na hawezi kuharibu kitu.

Pigo la pili. Mama Bernadetha amemwita Ogada. Anakuja kesho! Nilifikiri haraka. Nikamtumia Ogada ujumbe kwamba barabara ya Natta imefungwa, tembo arobaini wamelala katikati, asihatarishe maisha yake.

Saa moja baadaye nikaitwa ofisini. Ogada amempigia mama kumpa pole ya tembo. Mama akaniuliza wako upande gani, ili awaonye watu wenye mihogo shambani. Nikasema wameshaondoka. Akauliza, wote arobaini? Nikasema ndiyo, kwa foleni.

Mama alivua miwani. Kisha akasema, si kwa ukali, "Mwanangu, mimi sitaki kujua nani fundi zaidi. Wale watoto wa watu wanaandika kwenye maboksi."

Nikasema shikamoo, ingawa asubuhi nilishasema.

Ijumaa, 18 Julai 2025

Ogada amefika saa tatu asubuhi, miwani usoni. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama tembo hawajambo.

Akasoma stika zangu, moja moja, zote kumi, kwa sauti. Halafu akasema mimi nawapotezea watu muda. Yeye ana orodha yake ya machaguo, iliyokamilika, aliyoitumia kwenye shule moja huko Tarime ikafanya kazi siku hiyohiyo. Ataipachika nzimanzima, ajenge, anywe chai, arudi Sirari kabla ya jioni. "Hii ni kazi ya saa mbili, boss. Wewe pumzika tu."

Nikapumzika. Niliomba kimoyomoyo ashindwe, halafu nikawaona wale wanachuo dirishani na maboksi yao, nikaomba afaulu, halafu nikaomba afaulu kidogo.

Saa sita akawasha kompyuta ya kwanza. Maandishi yakakimbia, yakasimama. Kiini kikaandika kwamba hakioni diski yoyote, na kwamba kimeingiwa na hofu. Kwa maneno yake chenyewe: hofu. Kumbe diski za ile shule ni za aina nyingine kabisa, na orodha ya Ogada iliwasha machaguo ya diski hizo, ikazima ya kwetu. Ogada alivua miwani. Ni mara ya kwanza kuona macho yake. Ni madogo, yana wasiwasi kama yangu.

Tukakaa kwenye kizingiti, mimi na yeye. Jaribio ni kesho saa nne. Ndani kuna kompyuta kumi ambazo Jumatatu zilikuwa zinawaka kwa dakika kumi na moja, na sasa haziwaki au haziandiki. Nilimfikiria Wegesa na mistari yake mitatu. Nikamwambia Ogada kwamba wale tembo nilimwongopea. Akasema alijua, Natta nzima haijawahi kuona tembo arobaini wakilala pamoja.

Hapo Wegesa akaja na boksi.

Halikuwa boksi la kibodi. Alikuwa ameandika juu, "Kibodi na Mausi za USB". Chini yake mshale, "inategemea: Vifaa vya Kukutana na Binadamu". Mshale mwingine, "inategemea: Viingizi", yaani njia za kuingizia maandishi. Pembeni mshale wa tatu, "inategemea: USB yenyewe". Kila jina kalitafutia maelezo yake, na kila maelezo yakamtuma kwa jina jingine, naye akafuata mpaka alipofika kwa wasiotegemea mtu. Kwenye kila mmoja kaweka alama: amewashwa, amezimwa.

Aliyezimwa alikuwa mmoja tu.

"Nilianzia kibodi nikashuka," alisema. "Sasa kuwasha, naona tuanzie chini tupande. Ila huyu wa kukutana na binadamu, fundi, nani alimzima?"

Ogada akanitazama. Nikasema huenda ni umeme.

Wegesa akaketi, kwenye laptopu yangu, kwenye kiti changu. Kwanza akanifanya nirudishe ule mstari wa "inategemea" nilioufuta jana. Tukarudisha na machaguo yangu ya Jumatatu, yanayoijua diski ya hapa. Akaangalia Viingizi, ndiyo. USB, ndiyo. Akafika kwenye Vifaa vya Kukutana na Binadamu, akasema ndiyo, na hapohapo chini yake likachomoza, lenyewe, bila kuandikwa na mtu, bila kulazimishwa: "Kibodi na Mausi za USB". Lilikuwa linangoja muda wote.

Ogada alisema neno la Kijaluo ambalo sitaliandika lakini lilikuwa la furaha.

Tukajenga. Umeme ukakatika mara moja, betri ikashikilia. Saa kumi na moja kasoro, jua bado linachoma, Wegesa akawasha kompyuta ya kwanza. Sekunde ishirini na moja. Akaweka vidole. Akabonyeza W, na W ikatokea.

Hakuendelea mara moja. Aliitazama tu ile W. Kisha akaandika jina lake lote, na la mtoto wake, na wenzake wakarundikana mgongoni kwake wakisukumana, na Mama Bernadetha akawafukuza kila mmoja akakae kwake. Mimi na Ogada tukanakili kiini kwenye zile tisa, yeye tano, mimi nne. Yeye anasema tano kwa sababu ana kasi. Mimi nasema alianza kabla sijajiandaa.

Jumamosi, 19 Julai 2025

Bosi wa ajira anaitwa Mama Agustina. Amekuja na gari la kambi saa nne kamili, kofia kubwa, maneno machache. Kompyuta tisa zikawaka kwa pamoja. Wanachuo tisa wakaandika. Ile sauti ya vidole! Nilisimama mlangoni mikono nyuma kama mwenye shamba.

Dakika thelathini zikaisha. Mama Agustina akasema vizuri, sasa kila mmoja achape barua yake kwenye karatasi, maana kule kambini wageni wanapewa karatasi. Akaonesha printa iliyokuwa pembeni imefunikwa kitambaa.

Jumatatu, nilipokuwa napita kwenye ile menyu, printa nilizipa hapana bila hata kupunguza mwendo.

Lakini sikuishiwa. Nikamvuta Mama Agustina pembeni, nikampa wazo: nipige picha skrini zote kwa simu, nimtumie kwa WhatsApp, asome akiwa kwenye gari, mazingira yahifadhiwe. Akasema anataka karatasi. Nikaeleza kwamba karatasi duniani inaondoka. Akasema kwake haijaondoka. Nikamwomba atembelee bustani ya mchicha ya chuo, maarufu sana. Akasema ameiona akiingia. Nikaanza habari za tembo.

Nilipogeuka, Wegesa alikuwa kwenye laptopu. Alishamaliza barua yake. Alitafuta printa kwenye menyu, akasoma maelezo, akasoma inategemea nini. USB tu, na USB ilikuwa imewashwa. Ndiyo. Safari hii ujenzi ulichukua dakika nane, maana sehemu kubwa ilikuwa imeshajengwa jana. Akakiweka kiini kwenye kompyuta moja, akaiwasha upya, akakusanya barua zote kwa flashi. Printa ikakohoa. Karatasi ya kwanza ikatoka, ya pili, mpaka ya tisa.

Mama Agustina hakuzisoma kwanza. Alimuuliza Wegesa amefanya nini pale. Wegesa akaeleza kwa maneno mafupi: kila kitu kinamhitaji mwingine, sasa unamtafuta wa chini kabisa, unauliza kama yupo, unapanda. Mama Agustina akauliza amejifunza wapi. Akasema hapa, juzi.

Waliofaulu ni saba! Wawili wamehurumiwa, wataitwa tena Septemba badala ya mwakani. Na Wegesa hawekwi mapokezi. Wanamtaka awe msimamizi wa kompyuta za kambi, zote, na kuna nyumba ya wafanyakazi ambayo mtoto anaruhusiwa. Aliposikia habari ya mtoto, alikaa chini kwenye sakafu ya darasa, kanga usoni. Mama Bernadetha akaenda akakaa naye chini, na sketi yake ya Jumamosi.

Nikasogea kwa Mama Agustina, nikasema, huyo ni mwanafunzi wangu. Ogada aliyekuwa karibu akakohoa. Lakini hakusema kitu. Namshukuru.

Wegesa alitoka nje kunishukuru. Kweli, kunishukuru mimi! Alisema bila mimi kuharibu asingejua kwamba vinaharibika kwa mpangilio. Nimelichukulia kama sifa. Nilimwambia nilipanga.

Nimefurahi. Naandika hapa ambapo hakuna anayesoma: nilijificha nyuma ya tangi la maji dakika moja nikafuta macho.

Jumatatu, 21 Julai 2025

Nyangoto. Kibandani kwangu, saa tano asubuhi. Habari imenitangulia. Watu wawili wameniita "engineer". Sikuwasahihisha.

Wegesa amenipigia kutoka kambini, kazi imeanza, mtoto ameona twiga kwa dirisha la jikoni. Akaniomba kitu kimoja tu: nikiifungua tena ile menyu, nibonyeze alama ya kuuliza kabla ya kusema hapana. Nikamwambia bila shaka, dada yangu, hilo nimeshalishika.

Nilikuwa naifungua menyu wakati huohuo. Nimeamua kuijengea laptopu yangu mwenyewe kiini chepesi kuliko vyote, cha sekunde kumi, nikikamilishe kabla Ogada hajasikia. Sasa ni rahisi, uzoefu ninao. Nimepita chumba kwa chumba. Vifaa vya binadamu, ndiyo. Kibodi, ndiyo. Printa, ndiyo. Hakuna atakayenikamata hapo tena.

Kisha nikafika kwenye mifumo ya kutunza mafaili kwenye diski. Kuna mmoja unaitwa wa nne. Wa nne! Mimi ni mtu mmoja, laptopu ni moja, diski ni moja. Kama kuna wa nne maana yake watatu wengine wapo, na hao wanatosha ukoo mzima. Ulikuwa umewashwa muda wote, unakula tu. Pembeni kuna alama ya kuuliza. Nikaitazama. Nikakumbuka nilivyoahidi, na nikaona ahadi ile ilihusu machaguo magumu.

Hapana!

Kiini kimekamilika sasa hivi, kidogo, kizuri, sijawahi kuona kidogo hivi. Cha zamani nimekifuta, maana kinachukua nafasi. Nimewasha. Sekunde nne za kwanza zimekwenda kwa kasi ya ajabu, Ogada atalia.

Imesimama. Skrini nyeusi, mistari michache myeupe. Mstari wa mwisho unasema kiini hakiwezi kusoma diski yangu, na una lile neno, hofu.

Nadhani ni yeye Ogada anayeanza kuihisi.